Moto Uliokaa Ndani ya Jiwe

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalianguka kutoka angani juu ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Kipande kimoja, kisichofika hata gramu 4, kiligonga jani la mgomba, kisha kikatua kichwani mwa mvulana. Mgomba ulikuwa umeshakipunguzia kasi, na mtoto hakuumia. Kisa hiki husimuliwa kila Mbale inapotajwa, nami nakipenda kama wengine. Kasoro yake ni kwamba kinatuonyesha jiwe katika sekunde zake za mwisho tu.

Waliokata vipande vya Mbale na kuvichunguza kwa hadubini waliliandikia jiwe alama fupi: L5/6. Herufi ni ya ukoo wake wa kikemia. Namba ni habari ya moto. Si ule wa kupita angani, maana huo huunguza ngozi nyembamba tu ya nje. Ni moto uliowaka ndani ya asteroidi, zaidi ya miaka bilioni 4 kabla ya mgomba wowote kuota.

Habari hiyo ilichukua muda mrefu kusomeka. Mwaka 1864 Gustav Rose wa Berlin aliyaita mawe ya aina hii kondriti, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya punje, kwa kuwa yamejaa vidonge vidogo vya mviringo. Henry Clifton Sorby wa Sheffield alikuwa na mazoea ya kusaga mawe hadi yapitishe mwanga, na mwaka 1877 alieleza kwamba vidonge hivyo viliwahi kuwa matone ya mwamba ulioyeyuka. Lakini katika mawe mengine matone yanaonekana wazi, na katika mengine yamefifia kama wino uliopitishiwa kidole kibichi. Kwa nini? Mwaka 1921 George Merrill, aliyefanya kazi Washington, alitetea jibu kwamba mawe hayo yalipashwa joto upya baada ya kukusanyika.

Mwaka 1967 Randall Van Schmus na John Wood wakaliweka jambo hilo katika jedwali linalotumika hadi leo. Namba 1 na 2 wakawapa walioguswa zaidi na maji. Kuanzia 3 kwenda 6 joto linapanda. Semarkona, kimondo kilichoanguka India mwaka 1940, ni cha namba 3 na karibu hakikupikwa: kioo kingali ndani ya vidonge vyake, na kila punje ya olivini ina kiasi chake cha chuma. Ukifika namba 6, kioo kimegeuka feldispa, olivini zote zimelingana, na mipaka ya vidonge ni ya kutafuta kwa macho. Joto lilipita nyuzi 800 za Selsiasi, lakini jiwe lenyewe halikuyeyuka. Kemia ilisafiri ndani ya kitu kigumu, polepole mno.

Moto huo ulitoka wapi? Jua liko mbali, na asteroidi ni ndogo. Mwaka 1955 Harold Urey alipendekeza alumini-26, isotopu yenye mionzi ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka kama 700,000. Wazo zuri, ila kuni zilikuwa zimeshateketea zote. Ingebidi kutafuta majivu. Yalipatikana katika Allende, kimondo kilichoanguka Mexico mwezi Februari 1969. Mwaka 1976 Typhoon Lee, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walionyesha kwamba penye alumini nyingi ndani ya chembe zake, magnesi-26 nayo imezidi. Magnesi-26 ndiyo alumini-26 inachobakia.

Hapo ndipo kuchelewa kukawa bahati. Mwili uliokusanyika mapema ulikuwa na kuni nyingi, ukayeyuka, na matone ya Sorby yakapotea humo. Uliochelewa kama miaka milioni 2 uliiva tu. Uliivia ndani zaidi ya nje, kama tanuri la mkaa lililofukiwa kwa udongo, ambalo moyo wake hubaki na moto muda mrefu baada ya mgongo kupoa. Mwaka 1994 Christa Göpel na wenzake walipima umri wa fosfati katika kondriti: Sainte Marguerite ya Ufaransa, yenye namba 4, ilitoa miaka milioni 4,563, baadhi ya mawe ya namba 6 yalikaribia 4,504. Takriban miaka milioni 60 ya kupoa!

Picha hii ya kitunguu, tabaka juu ya tabaka, ina wapinzani, na naona hoja yao ni nzito. Kasi ya kupoa inayosomwa kwenye chembe za chuma mara nyingi haifuati namba. Baadhi ya miili yaelekea ilivunjwa ingali moto, ikajikusanya ovyo. Kwamba asteroidi huvunjika na kujirundika upya si dhana tena. Chombo cha Japani, Hayabusa, kilitua Itokawa mwaka 2005 na kurudisha vumbi lake mwaka 2010. Itokawa ina urefu wa takriban nusu kilomita, ni rundo la kifusi, lakini nyingi ya punje zake zilipashwa hadi karibu nyuzi 800. Kitu kidogo hivyo hakiwezi kutunza joto la namna hiyo. Punje hizo zilipikwa ndani ya asteroidi kubwa zaidi, ambayo haipo tena.