Diski za breki: wazo la 1902 kwenye Subaru yangu

Leo tuache programu kidogo. Mwezi jana nikiteremka Mai Mahiu na Impreza WRX yangu, usukani ulitetemeka kila nilipokanyaga breki. Fundi akapima diski za mbele: unene haukuwa sawa, na zilikuwa zimelika kupita kipimo cha mwisho.

Diski zina historia ndefu. Mwingereza Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele mno. Magari yakabaki na breki za dramu, ambazo hufungia joto ndani hadi zinapoteza nguvu. Diski hupigwa na upepo, ikapoa. Mwaka 1953 Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na mjadala ukaisha.

Nilinunua jozi mpya na pedi zake pale Kirinyaga Road. Tulifuta kwanza mafuta ya kuzuia kutu, maana pedi zikiyanyonya breki hazishiki. Jumamosi nikateremka tena, usukani umetulia.

Wako ukitetemeka usingoje, na ubadilishe pande zote mbili. Tukutane wakati ujao.