Mdhamini Akiondoka, Mshahara Unatoka Mfuko Gani?

Tarehe 7 Julai 2019 nilikuwa na miaka 16, nimebanwa ndani ya banda la mpira huku Langoni, jasho linanitoka. Kariobangi Sharks walikuwa Kasarani wanacheza na Everton. Ndiyo, Everton ile ya Uingereza. Mechi ikaisha 1-1, Sharks wakashinda kwa penalti 4-3, na banda zima likaruka. Hata mwenye banda alisahau kuwadai waliokuwa wakichungulia dirishani.

Sasa kumbuka kifua cha jezi ya Everton siku ile. Kimeandikwa SportPesa. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoileta Everton Nairobi, na ndiyo iliyokuwa kwenye vifua vya Gor Mahia na AFC Leopards. Sisi tunashangilia penalti, na leseni yake ya Kenya ilikuwa imeisha siku chache tu nyuma na serikali haikuihuisha. Agosti ikasitisha udhamini wake. Ilipofika mwisho wa Septemba ikafunga shughuli zake nchini.

Mwaka huohuo ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa bara akichezea timu moja. Jina la timu siliweki, kaniomba mwenyewe. Mwisho wa mwaka alirudi Amu na begi moja, viatu pea mbili, na madai ya mshahara wa miezi saba ambao mpaka leo hajauona. Siku hizi ni nahodha wa mashua ya abiria, Mokowe na Amu, kwenda na kurudi. Abiria wengi hawajui kwamba huyo anayewashika mkono kuwashusha gatini aliwahi kuwa beki wa kulia aliyelipwa kwa ajili ya miguu yake. Au tuseme aliyeahidiwa kulipwa.

Kila nikiandika kuhusu mpira, kuna watu huja na jibu moja: "Viongozi wa klabu zetu ni wezi." Labda wamo. Lakini mimi nasema hata ukiwaweka mashekhe watupu kwenye ofisi hizo, mshahara bado ungekwama. Shida ni hesabu, na hesabu hiyo ina historia yake. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhasibu, kwa hiyo nyinyi wenye CPA mnisamehe nikiieleza kwa lugha ya sokoni.

Klabu ya mpira ina mifuko mitatu ya kuingiza pesa: kiingilio cha mlangoni, mdhamini au tajiri, na haki za matangazo ya televisheni. Halafu ina matundu mawili makubwa ya kutoa: usajili na mishahara. Usajili unauma mara moja, ukishalipa umelipa. Mshahara unarudi kila mwisho wa mwezi, umefunga au umefungwa, mvua au jua. Kwa hiyo mshahara unataka mfuko unaojaa kila mwezi. Basi. Ukiielewa hiyo, hadithi nzima ya ligi yetu utaielewa.

Tuanze zamani. Mwaka 1965 bingwa wa Kenya alikuwa Feisal, timu ya Mombasa. Ndiyo, ubingwa ulikuwa Pwani. Mwaka 1987 Gor Mahia ikachukua Kombe la Mandela, kombe la washindi Afrika, mbele ya Espérance ya Tunisia. Enzi hizo televisheni hailipi klabu kitu cha maana. Klabu za jamii kama Gor na Leopards ziliishi kwa mlango na kwa mapenzi ya watu wao. Klabu za mashirika ziliishi kwa mashirika: Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker, ilikuwa na kiwanda cha bia nyuma yake, na Bandari ina mamlaka ya bandari. Kwenye timu ya shirika mchezaji alikuwa na kazi. Goti likivunjika, palikuwa na uwezekano wa kukaa kwenye meza ofisini. Haukuwa utajiri, ila mshahara ulikuwa na mwenyewe.

Ubaya wake ni kwamba shirika likipiga chafya timu inalazwa. Mfano upo: Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, bingwa wa Kenya mwaka 2006. Msimu wa 2019/20 ikafukuzwa ligi kuu kwa kukosa kufika kwenye mechi tatu, kwa sababu pesa hakuna. Bingwa wa nchi, miaka kumi na tatu baadaye, hana hata nauli ya kwenda uwanjani.

Ndiyo maana mfuko wa tatu, wa televisheni, ulikuwa muhimu sana. Mwaka 2003 klabu ziliunda kampuni yao, KPL, kuendesha ligi. Baadaye SuperSport ya Afrika Kusini ikaingia na kamera. Watu wanakumbuka picha nzuri na marudio ya mabao. Mimi nakumbusha jambo jingine: kwa mara ya kwanza klabu ndogo isiyo na tajiri wala kiwanda ilikuwa na fungu ambalo inajua linakuja, kwa mkataba. Halikuwa jingi, lakini unaweza kulipangia.

Tukalivunja wenyewe. FKF ilitaka timu ziongezwe kutoka 16 hadi 18, KPL ikakataa, mambo yakaenda mpaka kwenye jopo la migogoro ya michezo, na mwisho ligi ikawa ya timu 18. Aprili 2017 SuperSport ikavunja mkataba ikasema makubaliano yamekiukwa. Kwa nafasi mbili za ziada, timu zote zikapoteza mfuko mmoja mzima. Ukiniuliza siku gani mshahara wa ndugu yangu ulianza kupotea, nitakwambia ni hiyo, ingawa yeye alikuwa bado hajapanda basi la kwenda bara.

Kwa nini hatukushtuka? Kwa sababu mfuko wa pili ulikuwa unang'aa. Julai 2017, miezi mitatu tu baadaye, Everton walitua Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga kwa umbali, Tuyisenge akasawazisha, na sisi tukalala na furaha ijapokuwa Gor walifungwa 2-1. Nani angekumbuka SuperSport? Lakini Januari 2018 serikali ikapandisha kodi ya kampuni za kamari hadi asilimia 35, na SportPesa ikatangaza kuondoa udhamini wake. Baadaye ikarudi. Hiyo ilikuwa kengele, na ililia wazi. Hatukuisikia. Ilipolia mara ya pili 2019, hakukuwa na mfuko mwingine. Baadaye Gor na Leopards zote mbili zikafungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha.

Ngoja niwape hadithi moja inayoonyesha hesabu ikishinda mpira. Juni 2018, fainali ya SportPesa Super Cup ilichezwa Nakuru. Gor Mahia ikaifunga Simba ya Dar 2-0. Uwanjani Gor ni wakubwa, hakuna ubishi. Mwaka huohuo Meddie Kagere, mshambuliaji wa Gor, akavaa jezi ya Simba. Mwaka 2019 Francis Kahata akafuata. Mwaka 2020 Joash Onyango naye. Simba ilifungwa Nakuru kisha ikawachukua waliomfunga, mmoja mmoja, na wala hakuna aliyemlaumu mchezaji. Ungekuwa wewe ungebaki?

Tanzania walikuwa wamefanya nini? Mfuko wa televisheni waliushika vizuri. Mei 2021 shirikisho lao lilisaini na Azam mkataba wa miaka kumi wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Kwa wastani ni kama bilioni 22 na nusu kila mwaka, mvua au jua. Mwaka 2023 Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika, na mechi ya marudiano ilichezwa Amaan, Zanzibar. Zote zilipoteza, lakini zilifika. Sisi wa Amu tulizitazama fainali hizo kama za nyumbani, kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya kijicho kidogo.

Nisidanganye hapa. Tanzania si peponi. Simba ina Mo Dewji, Yanga ina GSM, na Azam wenyewe wana timu kwenye ligi wanayoionyesha. Pesa za tajiri bado ni nyingi kule, na matajiri wakichoka siku moja tutaona. Tofauti ni kwamba chini ya tajiri kuna sakafu. Tajiri akitoka unaanguka mpaka kwenye sakafu. Kwetu uliangukia mchangani.

Wala televisheni peke yake si dawa. Tuirudie Everton yetu ya SportPesa. Ligi ya Uingereza inagawa nusu ya pesa za matangazo ya ndani sawasawa kwa klabu zote 20, kwa hiyo hata anayeburura mkia anapata fungu nono. Na bado Everton walitumia kupita kiasi kwenye usajili na mishahara. Hasara yao ya miaka mitatu ilifika pauni milioni 124.5 wakati kikomo ni milioni 105, na Novemba 2023 wakakatwa pointi 10. Wakakata rufaa, zikashuka hadi 6. Tazama lakini nani aliumia. Kule hesabu zikiharibika inakatwa pointi klabu, na wachezaji wanaendelea kulipwa. Kwetu klabu ilibaki na pointi zake na ndugu yangu akakatwa miezi saba.

Sasa msione nawasema wa bara tu. Mwaka juzi timu ya mtaa wetu ilinifanya mweka hazina, eti kwa kuwa nimeonja uhasibu. Mashindano yakakaribia. Mheshimiwa mmoja akaahidi elfu hamsini. Tukaazima wachezaji wawili kutoka Kizingitini, tukawalipia mashua, chakula, na posho kila mechi. Yaani usajili na mshahara, wa kwetu wa kimtaa. Ahadi ikaja elfu kumi. Mashua hatujalipa, kina mama waliopika hatujawalipa, na mimi mwezi mzima nilikuwa nazunguka vichochoro vya nyuma ili nisikutane na mtu. Mzee mmoja pale Mkunguni aliniita akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pesa za mtu mmoya si pesa." Alinifunza kwa sentensi moja kuliko nilivyofunzwa chuoni kwa miaka miwili.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Lile banda la Langoni linatoza shilingi 30. Wikendi ya mechi kubwa wanaingia watu 80 bila wasiwasi. Hiyo ni 2,400 kwa mechi moja, na mwenye banda anatoa humo malipo ya king'amuzi chake, na king'amuzi kinalipia haki za matangazo mpaka zinafika Uingereza. Kwa hiyo tusiseme watu wa Lamu hawana pesa za mpira. Tunazo, tunazitoa kila Jumamosi, na zinalipa mishahara ya watu ambao hawatajua Langoni iko wapi. Sisemi tuache kutazama, mimi mwenyewe wikendi hii nitakuwepo. Nasema mfuko wa tatu upo na unajaa, tena kwa shilingi zetu. Klabu zetu ndizo zilizotolewa kwenye foleni yake mwaka 2017, na wanaopigania viti vya shirikisho waulizwe hilo kwanza kabla ya kuulizwa kuhusu jezi na viwanja.

Haya nayaandika leo kwa sababu kwenye timu yetu kuna kijana wa miaka 17, mkono wa kushoto wa Mungu kampa mguuni. Wiki iliyopita klabu moja ya bara imempigia simu. Mamake anaogopa, yeye amekwishaaga nusu ya mji. Jana alikuja na simu mkononi kuniuliza kama zile pesa walizomtajia ni nzuri. Nikamchukua mpaka gatini, tukamngoja ndugu yangu ashushe abiria.

Ndugu yangu hakuuliza ni pesa ngapi. Alifunga kamba, akakaa ukingoni, akamwambia: "Nenda, mpira unao. Lakini kabla hujasaini waulize mshahara unatoka mfuko gani. Wakikwambia kuna mdhamini, waulize na mdhamini akiondoka je. Wakikucheka, nipigie nije nikuchukue Mokowe, nauli sitakutoza."

Kijana amewatumia ujumbe jana usiku. Mpaka naandika haya hawajajibu.