Kalibu Inayokunjika

Anayesifia kalibu za silikoni kwa kawaida huanza na uaminifu wake kwa umbo. Mimina mpira wa silikoni juu ya sarafu, na nakala itakayotoka itabeba kila mkwaruzo wa sarafu ile. Sifa hiyo ni ya kweli, ila haitoshi kueleza kwa nini kalibu hizi zilienea karakana hadi karakana. Jasi nayo hunakili mkwaruzo. Mafundi wa Ulaya katika karne ya 19 walinakili kwa jasi sanamu nyingi mno za bara lao, na kazi zao zingali zimesimama katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, ikiwemo nakala ya Nguzo ya Trajan iliyobidi kusimamishwa kwa vipande viwili kwa kuwa ni ndefu kuliko ukumbi. Kuingia katika umbo jasi iliweza. Taabu ilikuwa kutoka. Ikishaganda haipindi. Palipo na kwapa, tundu la pua au mkunjo wa nguo ulioingia ndani, kalibu ngumu hunasa, na ukiivuta kwa nguvu ama yenyewe itavunjika ama sanamu. Ndiyo maana Clemente Papi, fundi wa kusubu shaba wa Florence, alipochukua umbo la Daudi wa Michelangelo, ilimlazimu kuigawa kalibu katika mamia ya vipande, kila kimoja kikitoka kwa upande wake, vyote vikishikwa pamoja na ganda la nje. Nakala ya sanamu hiyo alizawadiwa Malkia Victoria mwaka 1857. Ninachodai ni hiki: kwa uzuri wa nakala, silikoni haijamzidi sana Papi. Ilichofanya ni kufuta ile hesabu ya vipande, na pamoja nayo ikafuta haja ya kuwa Papi.

Anayeijua kazi atanikatiza hapa aseme kwamba kalibu laini zilikuwapo kabla. Ni kweli. Gelatini, inayochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, ilianza kutumiwa na mafundi wa Ufaransa miaka ya 1840, na kwa kunyumbulika haina mpinzani. Lakini ni kitu cha maji. Ukiiacha inakauka na kusinyaa, ikikaa sana inaoza, ikipata joto inalainika. Na jasi hutoa joto inapoganda, kwa hiyo kila nakala iliichakaza kidogo kalibu iliyoizaa. Fundi alitoa nakala chache haraka haraka, kisha akairudisha gelatini sufuriani. Utomvu wa mpira haukuchanika kirahisi, lakini hupakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisubiriwa likauke, na ukikauka hupungua ukubwa. Kilichokosekana ni kitu kinachonyumbulika, kinachovumilia joto, kisichosinyaa ovyo, na kinachomiminwa kikaganda chenyewe bila jiko.

Kitu hicho kilipopatikana, aliyekuwa akitafuta kalibu hakuwepo. Frederic Kipping, profesa wa Nottingham, alitumia zaidi ya miaka 30 akichunguza michanganyiko ya elementi ya silikoni, ile iliyomo mchangani, na mara kwa mara chombo chake kilibaki na ute unaonata ambao kwake ulikuwa kero tupu. Mwaka 1936, katika mhadhara wake kwa Royal Society, hakuona dalili ya maendeleo makubwa ya karibu katika uwanja huo. Miaka minne tu ikapita. Mei 1940, Eugene Rochow wa General Electric, kule Schenectady nchini Marekani, alipitisha gesi ya methili kloridi juu ya silikoni iliyochanganywa na shaba na kupashwa moto, akapata kwa mkupuo mmoja malighafi ambayo Kipping aliipata kwa mzunguko mrefu. Richard Müller aliifikia njia hiyo hiyo Ujerumani, kivyake. Rochow alikuwa akitafuta kihami cha nyaya za umeme zinazopata moto. Dow Corning, kampuni iliyoundwa mwaka 1943, ilianza na grisi ya kuzuia unyevu kwenye mifumo ya kuwashia injini za ndege za vita. Mpira wenyewe ulipotokea uliganda kwa joto la kiwandani, na hilo halimsaidii mtu mwenye sanamu ya nta. Miaka ya 1950 ndipo wakemia walipopata namna ya kuugandisha katika joto la kawaida la chumba kwa kuchanganya sehemu mbili, na mimi naihesabu kalibu ya silikoni kuwa ilizaliwa hapo. Uti wa molekuli zake ni silikoni na oksijeni zinazopokezana, nao hupinda kwa urahisi. Umefunikwa na vikundi vya methili visivyoshikana na karibu chochote. Tabia hii ya kutoshikana ndiyo inayoifanya resini au jasi ibanduke yenyewe.

Je, ustadi umekufa? Umehama. Papi aliwaza wapi pa kukata. Fundi wa leo anawaza kemia na hewa. Mfuate akiwa kazini. Anakizungushia kiolezo ukuta wa ubao, anaziba nyufa kwa udongo, anapima sehemu mbili kwenye mizani na kuzikoroga polepole, akikwangua kingo na kitako cha ndoo, maana mpira usiochanganyika vizuri hubaki ute milele. Anaumimina kutoka juu, kwa uzi mwembamba kama wa asali, kwenye kona moja ya chini, auache upande wenyewe huku ukisukuma hewa mbele yake. Kiputo kimoja kikibaki chini ya kidevu cha sanamu, kila nakala itaota kidonda hapo hapo. Kisha kuna udongo wenyewe. Udongo wa kufinyangia wenye salfa hukizima kichocheo cha platini kinachougandisha mpira, na mpira unaougusa hauwi mpira. Aliyemwaga kilo kadhaa juu ya kazi ya wiki nzima hulijua hilo akiwa amechelewa. Kichocheo cha bati hakijali salfa, lakini kalibu yake husinyaa na kuchoka mapema zaidi. Hakuna chaguo lisilo na gharama, na bei ya mpira huu humfanya fundi aanze na jaribio dogo pembeni.

Hata hivyo, elimu hiyo hufundishika kwa majuma, na ile ya vipande ilihitaji miaka ya uanagenzi. Ushahidi wangu mkubwa ni Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wa filamu za majitu na katuni walianza kuchonga vinyago vyao majumbani, kuvichukulia kalibu za silikoni na kuvimwaga kwa resini, makumi ya nakala kwa kila kalibu. Viwanda vya vinyago vya plastiki havikuweza kuwajibu, maana kalibu ya chuma hailipi mpaka imetoa maelfu. Duka la General Products la Osaka, lililofunguliwa mwaka 1982, na Kaiyodo, pia la mkoa huo, yalikuwa miongoni mwa walioanza biashara hiyo, na kutoka humo likazuka tamasha la Wonder Festival. Hapo ndipo pingamizi zito zaidi linaposimama: mkono unaorahisisha kunakili hurahisisha pia kuiba. Sikatai. Vinyago vya watu huchukuliwa kalibu upya na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, resini hupungua kidogo inapoganda, na mpira pia, hivyo nakala ya nakala huwa ndogo kuliko mama yake, na wakusanyaji huishika kwa rula. Pili, wenye haki na wachongaji wa Wonder Festival walitafuta njia ya kati: leseni ya siku moja, inayomruhusu mchongaji mdogo kuuza kinyago cha mhusika wa watu siku hiyo, mahali hapo, basi. Mwenye haki asingejisumbua kutoa ruhusa ya aina hiyo kama watengenezaji wangebaki kuwa viwanda vitano.

Yapo maeneo ambayo silikoni haijaingia, wala haitaingia karibuni. Wafinyanzi wa viwandani bado humwaga uji wa udongo katika jasi, kwa kuwa jasi hunywa maji na kuacha ukuta wa udongo umeshikana. Silikoni hainywi kitu. Kuhusu mashine za kuchapa maumbo, ambazo wengi wanadai zimeizika kalibu, sioni kaburi. Mashine huchapa kimoja kimoja, saa baada ya saa. Anayetaka hamsini huchapa kimoja, akakisugua kwa msasa, akakichukulia kalibu. Wanaoijaribu kazi hiyo kwa mara ya kwanza hukutana na kero ya zamani kwa sura mpya: resini ya mashine hizo isiyoiva sawasawa huzima kichocheo cha platini jinsi salfa inavyofanya, na inabidi kipande kioshwe, kianikwe kwenye mwanga na kupakwa vanishi kabla tone la kwanza la mpira halijakigusa.