Modeli za mtandao wa chakula baharini

Modeli za mtandao wa chakula baharini ni mahesabu yanayoonyesha nani anakula nani katika eneo fulani la bahari, na kwa kiasi gani. Wataalamu huzitumia kupima athari za uvuvi na kukadiria faida na hasara za hifadhi za bahari, yaani maeneo ambamo uvuvi umepigwa marufuku au umewekewa masharti.

Kwa muda mrefu usimamizi wa uvuvi ulitazama aina moja ya samaki kwa wakati mmoja. Modeli hizi huwatazama wote kwa pamoja, kwa sababu kumvua samaki mmoja huwagusa pia wanaomla na wanaoliwa naye.

Historia

Modeli inayojulikana zaidi ni Ecopath. Ilianzishwa na Mmarekani Jeffrey Polovina mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuchunguza miamba ya matumbawe ya French Frigate Shoals katika visiwa vya Hawaii. Baadaye iliendelezwa na Daniel Pauly na Villy Christensen. Wakishirikiana na Carl Walters, waliongeza Ecosim mwaka 1997, inayofuatilia mabadiliko mwaka hadi mwaka, na Ecospace mwaka 1999, inayoigawa bahari katika miraba kama ya ramani.

Namna zinavyofanya kazi

Viumbe hugawanywa katika makundi, kwa mfano mwani, planktoni, dagaa, pono, chewa na papa. Kwa kila kundi hukadiriwa uzito wa viumbe wote waliopo, kiasi wanachozaa na kukua kwa mwaka, kiasi wanachokula, aina ya chakula chao na kiasi kinachovuliwa.

Kila kundi hupewa ngazi ya ulaji. Mimea na mabaki ya viumbe huwa katika ngazi ya 1. Kiumbe anayekula mimea tu huwa katika ngazi ya 2. Samaki ambaye nusu ya chakula chake ni mwani na nusu ni wanyama wala mwani huwa katika ngazi ya 2.5.

Kisha mahesabu hulinganishwa. Ikiwa wawindaji na wavuvi wanaonekana kuchukua dagaa wengi kuliko wanaozalishwa, na idadi ya dagaa haipungui, basi kuna kadirio lenye kosa na ni lazima lirekebishwe.

Matumizi katika hifadhi za bahari

Ecospace humwezesha mtaalamu kufunga baadhi ya miraba isivuliwe na kuona kinachofuata. Mambo matatu hujitokeza mara nyingi:

- Samaki wakubwa walao wenzao huongezeka ndani ya hifadhi, lakini samaki wadogo wanaoliwa nao wanaweza kupungua. Hivyo kupungua kwa aina fulani si lazima kuwe dalili kwamba hifadhi imeshindwa.
- Hifadhi ndogo huwasaidia kidogo samaki wanaohamahama, kwa kuwa huvuliwa mara wanapovuka mpaka.
- Wavuvi waliozuiwa hawaachi kazi. Huhamia kwingine, hasa kandokando ya mpaka, na kuongeza uvuvi huko.

Mfano wa Kenya

Kwenye pwani ya Kenya, mtafiti Tim McClanahan alilinganisha miamba ya hifadhi, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na miamba inayovuliwa. Penye uvuvi mwingi kulikuwa na urchini wengi zaidi. Hawa ni wanyama wa mviringo wenye miiba mwili mzima, ambao hula mwani na kuukwangua mwamba. Kikande, samaki anayewala kwa wingi, alikuwa amepungua kwa kuvuliwa.

Mwaka 1995 McClanahan alichapisha modeli ya miamba hiyo. Ilionyesha kwamba samaki walao urchini wakivuliwa mno, urchini huongezeka, humaliza mwani unaotegemewa na samaki kama pono, na mavuno ya wavuvi hushuka. Kumwacha kikande baharini kunaweza basi kumfaidi mvuvi, ingawa kikande mwenyewe haingii katika mtego wake.

Mipaka ya modeli

Ubora wa modeli hutegemea ubora wa takwimu zake. Katika maeneo mengi ya tropiki, samaki wengi huliwa nyumbani au huuzwa ufukweni bila kuandikwa, na chakula cha aina nyingi za samaki hakijachunguzwa. Aidha, matokeo hubadilika kulingana na dhana kuhusu urahisi wa mawindo kukamatwa. Kwa sababu hiyo modeli hutumika zaidi kulinganisha njia mbalimbali za usimamizi kuliko kutabiri idadi kamili ya samaki, na matokeo yake hupimwa tena kwa kuhesabu samaki baharini na kuwasikiliza wavuvi.

Tazama pia

- Ekolojia
- Miamba ya matumbawe
- Mnyororo wa chakula
- Uvuvi