Pikapu Iliyoinamishwa

Pikapu tupu husimama ikiwa imeinua nyuma, mfano wa punda angojeaye shogi. Ikipakiwa hushuka, ikakaa sawa. Mwinuko huo si kosa la waundaji, kwani springi za nyuma zilifanywa ngumu kwa ajili ya mzigo.

Kampuni ya Ford ya Marekani ilipotoa pikapu yake ya kwanza iliyokamilishwa kiwandani, mwaka 1925, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Gari la namna hiyo lilikuwa mtumishi wa shamba, wala halikukusudiwa mashindano. Lakini huko California vijana walipenda kushindana kwa magari juu ya maziwa yaliyokauka, kama lile la Muroc, na mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuwa chama kimoja. Kwa mazoea hayo mafundi wengi walijifunza kwamba gari lililo karibu na ardhi hutulia zaidi kuliko lililo juu.

Mwaka 1955 Chevrolet ilianza kutia injini ya silinda nane katika pikapu zake. Nguvu sasa ilikuwapo, ila mgongo ulikuwa ule ule wa punda. Ikienda mbio bila mzigo, sehemu ya nyuma ilikuwa nyepesi mno; magurudumu yalirukaruka, na kwenye kona gari liliegemea upande.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1960. Katika pikapu ya C10, Chevrolet iliacha springi za mabapa huko nyuma, ikaishika ekseli kwa mikono miwili mirefu ya chuma na kutumia springi za kujiviringa. Mpango huo ulikuwa mzuri hata ukaigwa katika magari ya mashindano ya NASCAR, ukatumika katika daraja lao la juu hadi mwaka 2021.

Basi, pikapu kama hiyo hushushwaje? Fundi huondoa springi ndefu, akaweka fupi. Penye springi za mabapa zilizokaa juu ya ekseli, yeye huipandisha ekseli ikae juu yake. Uzito ukishuka, gari haliegemei sana konani. Lakini kazi haijaisha. Ekseli imekwisha kukaribia fremu, nayo itaigonga penye shimo la kwanza; kwa hiyo hapana budi fremu ikatwe pengo mfano wa mwezi mwandamo, kisha iimarishwe kwa chuma kinene. Shokomzoba nazo hubadilishwa kwa fupi. Tena ile fito izuiayo ekseli isiende upande hurekebishwa, kwa maana gari likishuka fito huisukuma ekseli ikapotoka.

Fundi mvivu hukata springi tu, akaacha hayo mengine. Gari lake hupendeza likisimama, bali humhatarisha dereva likienda.

Hata kazi iliyofanywa vema ina gharama yake. Pikapu iliyoinamishwa haiwezi tena kubeba mzigo wake wa zamani. Kwetu Kenya fundi huongeza mabapa katika springi ili gari libebe zaidi. Fundi wa mbio hufanya kinyume. Hapana mjinga kati yao, kwani kila mmoja ajua atakalo na atakachopoteza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini na atazame kwanza alichobeba mgongoni.