Tabaka Tatu na Uzi: Safari ya Mfarishi Duniani

Mfarishi huwa na kitambaa cha juu, kitambaa cha chini, na katikati yake pamba, sufi, sufu au matambara makuukuu. Sindano hupita tabaka zote tatu ili kilichomo ndani kisihamie upande mmoja. Kanuni ni hiyo tu, lakini mbinu zilizochipuka humo hazina idadi, maana kila jamii ilishona kwa kile ilichokuwa nacho. Wengi husema umaskini ndio uliozaa mifarishi mizuri. Sikubaliani nao. Umaskini ulileta matambara. Uzuri waliuleta wanawake waliochagua kila kipande wakijua kwa nini wanakiweka pale.

Ushahidi wa mwanzo ni mdogo. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina sanamu ya pembe ya ndovu kutoka Abydos, Misri, ya mfalme aliyeishi miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Amejifunika joho lenye miraba ya mshazari, ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa lilishonwa kwa tabaka. Huko Noin-Ula, Mongolia, msafara wa Mrusi Pyotr Kozlov ulifukua makaburi ya watu wa Xiongnu mwaka 1924 na 1925, ukakuta mazulia ya sufu iliyoshindiliwa, yakiwa na mishono ya mizunguko na wanyama wanaopigana kwenye kingo. Yana umri wa miaka 2,000 hivi.

Kwa karne nyingi mshono huu ulikwenda vitani. Askari wa Ulaya walivaa nguo nene za tabaka chini ya deraya za chuma, na askari maskini walizivaa zenyewe tu. Nchini Sudan farasi nao walivishwa: majeshi ya Mahdiyya, yaliyoshindwa Omdurman mwaka 1898, yalikuwa na mavazi ya farasi yaliyojazwa sufi, sufi ileile inayojaza mito ya kulalia pwani yetu. Nguo iliyoshindiliwa na kushonwa kwa karibu huweza kupunguza nguvu ya upanga, ingawa haifui dafu mbele ya risasi.

Mifano ya awali inayojulikana ya mshono huu kwa urembo mkubwa Ulaya inatoka Sisilia. Kati ya mwaka 1360 na 1400 ilishonwa huko mifarishi ya kitani yenye kisa cha Tristan, shujaa wa hadithi za kale za Ulaya. Sehemu moja iko katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, nyingine katika makumbusho ya Bargello, Florence. Mshonaji alizungushia michoro mishono ya uzi, kisha akajaza pamba kwa nyuma ndani ya kila umbo, hata farasi na mashujaa wakatuna juu ya kitambaa. Mbinu hiyo Waitaliano huiita trapunto. Wafaransa wa Marseille waliiendeleza kwa kupitisha nyuzi nene za pamba kati ya mishono miwili, kitambaa kikiwa cheupe tupu, bila rangi wala kiraka.

Bengali ilikuwa na njia yake. Wanawake walitandika sari kuukuu moja juu ya nyingine, wakazishona kwa bandi ndogondogo kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuzi za rangi walizichomoa kwenye mapindo ya sari zilezile. Hiyo ndiyo kantha. Bandi hizo hukunja kitambaa kidogo, kikawa na mawimbi, na juu yake hutokea yungiyungi, samaki, tembo na mambo ya nyumbani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, pa kusimama zaidi ni Karnataka, kusini-magharibi mwa India. Katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa walioletwa Goa na Wareno. Kati yao wamo Wakristo, Waislamu na Wahindu. Mfarishi wao huitwa kawandi. Mshonaji hutandika sari kuukuu, huanzia kwenye kona, hupanga vipande vya nguo zilizochakaa ukingoni na kuvishona hapohapo kwa bandi ya mkono, akizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka afike katikati. Haviungi viraka kwanza kisha akavitandaza. Kitambaa cha juu hukua pamoja na mishono yake. Kwenye kona huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa, phula, yaani maua, na bila maua hayo kazi huhesabiwa haijakamilika. Mshonaji Mwislamu huenda akaweka mwezi mwandamo, Mkristo msalaba. Mtafiti Henry Drewal ameandika mengi juu ya wanawake hawa. Kurundika nguo kuukuu na kuzishona ni desturi iliyoenea India, kwa hiyo si lazima tuseme kawandi ilitoka Afrika ndipo tujivunie. Inatosha kwamba wazao wa watu wetu waliichukua desturi ya ugenini wakaipa sura inayotambulika mara moja kuwa yao.

Kaskazini mwa Japani, ambako baridi haikuruhusu pamba kumea, kitambaa cha pamba kilikuwa ghali, na wakulima walikiimarisha kwa sashiko, bandi nyeupe juu ya rangi ya nili.

Marekani ilikuja baadaye, ikiwa na wingi wa kalikoo za viwandani na, tangu miaka ya 1850, cherehani. Huko mbinu ya kuunga viraka ilishamiri. Mtindo wa Nyumba ya Magogo, uliopendwa tangu miaka ya 1860, huzungushia mraba mmoja, mara nyingi mwekundu, vipande vyembamba, nusu ya rangi angavu na nusu ya giza. Waamishi wa Pennsylvania walishona vitambaa vya rangi moja moja bila maua. Wahawaii walikunja kitambaa mara kadhaa, wakakata mchoro wa shelisheli, wakaukunjua na kuubandika mzima.

Hata hivyo, anayenigusa kuliko wote ni Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 mfarishi wake wa visa vya Biblia, vilivyobandikwa kwa vipande vya kitambaa, ulionyeshwa katika maonyesho mjini Athens. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha. Aliomba dola 10, akapewa 5, akamweleza mnunuzi maana ya kila picha, na baadaye akarudi mara kadhaa kuutazama. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian, na mfarishi wake wa pili uko Boston. Dola 5 kwa kazi ile ni dhuluma.

Wazao wa watumwa wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochanika magotini. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikata nguo za kazi za marehemu mumewe akatengeneza mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney, New York. Wahakiki walizilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Wanawake hao walikuwa wasanii wakubwa kabla mhakiki yeyote hajafika.

Tarehe 11 Oktoba 1987, Washington, yalitandazwa mapande 1,920 ya mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila pande futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi. Wakati ule familia nyingi ziliogopa hata kutaja ugonjwa. Pale majina yalishonwa kwa herufi kubwa yakasomwa kwa sauti.

Jina ndilo linalokosekana katika mifarishi mingi ya makumbusho, ambayo kibao chake husema tu kwamba mshonaji hajulikani. Visa vya Powers tunavijua kwa sababu vilinukuliwa akiwa hai. Ukishona mfarishi, au ukirithi wa bibi yako, chukua kipande cheupe, andika kwa uzi jina la mshonaji, mahali na mwaka, ukishone nyuma kwenye kona ya chini. Fanya hivyo wakati anayejua bado yupo.