Kuogelea Nako ni Elimu

Sisi watu wa Butembo twakaa milimani, na wengi wetu hudhani kuogelea ni mchezo wa watoto wa pwani. Lakini samaki tunaowala hutoka Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, na wavuvi wa huko ni ndugu zetu. Maji ya ziwa hilo hutoka Ishango kwa mto Semliki, yakapita nchi ya Beni hata ziwa Albert. Katika ziwa hilo la Albert, tarehe 22 Machi 2014, ilizama mashua iliyojaa Wakongo waliokimbilia Uganda, nao walikuwa wakirudi kwao. Walikufa watu zaidi ya 200, na watoto wengi pamoja nao.

Je, kuogelea kungaliwaokoa wote? Hasha. Mashua ikijazwa kupita kiasi, hata fundi wa kuogelea huweza kufa. Lakini mtoto ajuaye kuelea hupata nafasi ya kungoja msaada. Asiyejua hana nafasi hiyo.

Wazo la kufundisha kuogelea shuleni si jipya. Mwaka 1749 Benjamin Franklin wa Marekani aliandika mpango wa masomo ya vijana, akaweka kuogelea pamoja na mbio na mieleka. Baadaye, katika vijiji vya Bangladesh, watoto walifundishwa katika mabwawa ya kawaida, juu ya jukwaa la mianzi lililozamishwa majini. Ikaonekana kwamba waliofundishwa walikufa maji wachache sana kuliko wenzao. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa wenzao bila kujihatarisha.

Tena tusiseme ni mambo ya mbali. Mwaka 2016, huko Unguja, wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini walijifunza kuelea, kuogelea na kuokoa katika bahari ya Muyuni. Wasichana wa Nungwi nao walifundishwa, wakivaa nguo za kuwafunika mwili mzima, hata wazazi wakaridhika.

Basi, hawakungoja bwawa la saruji. Kwetu yatakiwa mahali pa maji haba pasipo viboko, mwalimu ajuaye kazi, na wazazi wa kulinda. Samaki mkunje angali mbichi. Tunawafundisha watoto kusoma ili waishi vema. Tuwafundishe na maji, ili waishi.